WiFi Ikikatika Katikati ya Malipo: Usilipe Tena Kabla ya Kufanya Haya

Mamake mwenzetu mmoja hapa ofisini anaishi Buruburu, Fezi 3. Anaoka keki za kuagizwa, na kila Alhamisi usiku hukaa kwenye kompyuta ya nyumbani kuagiza unga, siagi na maboksi ya wiki inayofuata. Alhamisi moja alijaza oda ya shilingi 4,350, akaandika namba yake ya simu, ombi la PIN likaingia, akaweka PIN. Halafu kompyuta ikaandika kwamba hakuna intaneti. Ukurasa ukabaki unazunguka tu.

Alingoja. WiFi iliporudi, ukurasa ukasema oda haijalipwa. Basi akalipa tena.

Asubuhi alikuta meseji mbili za malipo, kila moja ya 4,350. Muuzaji hakukataa kurudisha, lakini pesa zilichukua siku tisa kurudi. Siku hizo tisa alikuwa na keki ya harusi ya kuoka na hana pesa za mayai. Ikabidi akope kwenye chama.

Mtandao wa nyumba ile ulikuwa ukikatika kwa miezi, na kila mtu alikuwa amezoea. Jumamosi tukaenda kuangalia. Hapa tunakueleza tulichokipata, kwa sababu wateja wengi wetu wanalipia karo, stima, kodi na bidhaa wakiwa kwenye kompyuta, na swali lao ni lile lile: WiFi imekufa, pesa imeenda ama haijaenda?

Pesa yako haipiti kwenye WiFi

Hili ndilo jambo la kwanza kuelewa. Unapolipa kwenye tovuti kwa namba ya simu, ombi la PIN haliji kupitia kompyuta. Linaletwa na mtandao wa simu, moja kwa moja kwa laini yako. Ukishaweka PIN, malipo yanafanyika kwenye mitambo yetu, kisha mitambo yetu inaiambia tovuti ya muuzaji kwamba pesa imeingia.

Kompyuta yako inakaa pembeni ikingoja tu kuambiwa matokeo. WiFi ikikatika wakati huo, habari haifiki kwenye skrini, lakini pesa inaendelea na safari yake. Ndiyo maana ukurasa unaweza kusema "haijalipwa" na pesa zimeshatoka.

Kwa hivyo, mtandao ukikatika katikati ya malipo, weka panya chini na ushike simu:

1. Kama hukuwa umeweka PIN, hakuna pesa iliyotoka. Unaweza kuanza upya.
2. Kama uliweka PIN na meseji ya malipo imekuja, usilipe tena, hata kama skrini inasema nini. Nakili ile kodi ya muamala na umtumie muuzaji. Hiyo ndiyo risiti yako.
3. Kama uliweka PIN na meseji haijaja, usikimbilie kurudia. Meseji huchelewa wakati mwingine. Angalia salio na orodha ya miamala kwenye simu. Salio likiwa limepungua, rudi namba 2. Kama halijaguswa, subiri dakika chache, angalia tena, ndipo ulipe.

Mamake mwenzetu angefanya namba 2 pekee, angeoka keki yake bila deni. Lakini pia angelala vizuri zaidi kama ile WiFi ingeacha kukatika. Twende huko sasa.

Kabla ya kulaumu kompyuta, jua tatizo liko wapi

Tulipofika, mama alikuwa tayari ametoa hukumu. "Hii kompyuta imezeeka. Nitafutieni mtu ainunue."

"Ngoja kwanza, Mama," mwenzetu akamwambia. "Tuihoji kidogo."

Mtandao wa nyumbani hukatikia mahali patatu: ndani ya kompyuta, hewani kati ya kompyuta na ruta, au kwenye waya unaoleta intaneti kutoka nje. Kila mahali pana dawa yake, na ukikosea mahali utanunua kitu ambacho hukuhitaji.

*Jaribu kwa simu.* Unganisha simu na WiFi hiyo hiyo, kisha zima data. Watu wengi husahau hapo. Simu ikikosa intaneti ya WiFi inaweza kuhamia kwenye bando zako bila kukwambia, nawe ukadhani WiFi iko sawa. Kaa na simu pale pale kompyuta ilipo. Kompyuta ikikatika na simu ikibaki sawa, mshukiwa ni kompyuta. Zikikatika zote mbili, tazama ruta.

*Soma taa za ruta.* Kwenye ruta nyingi za faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga hauji kwenye waya: umekatwa, umekunjwa sana au umechomoka. Hapo hakuna unachoweza kurekebisha kwenye kompyuta. Pigia kampuni ya intaneti. Taa zote zikizima kwa ghafla halafu ziwake upya, ruta inajiwasha tena yenyewe. Angalia adapta yake ya umeme. Kama ile ya asili iliharibika ukaazima ya kifaa kingine, hakikisha volti ni zile zile zilizoandikwa kwenye ruta na ampea si chini ya zinazohitajika. Adapta dhaifu huzima ruta kila mzigo unapoongezeka.

Na usicheke: angalia pia kama kifurushi kimeisha. WiFi inaweza kuonyesha mistari yote imejaa na hakuna intaneti, kwa sababu siku zako 30 zimekwisha.

*Uliza maswali mawili kwa wakati mmoja.* Hiki ndicho kipimo tulichotumia Buruburu, na ni cha bure. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye kidirisha cheusi andika ipconfig. Tafuta mstari wa "Default Gateway" ulio na namba kama 192.168.1.1. Hiyo ni anwani ya ruta yako. Sasa andika ping -t halafu namba hiyo. Fungua kidirisha cha pili, uandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako.

Viache vyote viwili vikienda na ungoje mtandao ukatike:

- Vidirisha vyote viwili vikiacha kujibu, tatizo liko ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta.
- Ruta ikiendelea kujibu lakini 8.8.8.8 ikinyamaza, WiFi yako ni nzima. Tatizo linaanzia kwenye ruta kwenda nje. Piga picha skrini, utakuwa na ushahidi ukimpigia mtoa huduma.
- Vyote vikijibu na ukurasa mmoja tu ndio umekwama, huenda tovuti yenyewe ndiyo ina shida.

Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C pamoja.

Kwa mama, vidirisha vyote vilinyamaza baada ya dakika kama kumi. Na simu yetu, pale kwenye meza ya kompyuta, ilikuwa na mstari mmoja tu wa WiFi. Tulipotembea nayo hadi sebuleni, mistari ikajaa. Hapo tukajua: waya wa nje hauna kosa.

Kuta, majirani na nyumba za Buruburu

Buruburu ilijengwa kwa fezi tano, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1980. Waliochora ramani zake hawakuwa na sababu ya kuwaza WiFi. Kuta ni nzito, na tangu hapo watu wameongeza: chumba nyuma, duka mbele, fleti juu ya mahali palipokuwa na bustani. Kila ukuta mpya unapunguza mawimbi, na kila familia mpya inaleta ruta yake.

Ruta ya mama ilikuwa ndani ya kabati la TV sebuleni, imefinywa kati ya king'amuzi na picha za graduation. Kompyuta ilikuwa kwenye chumba cha nyongeza huko nyuma, kuta mbili mbali, na jikoni katikati.

Tulifanya mambo manne.

Tuliitoa ruta kabatini. Tukaiweka juu ya rafu kwenye korido, karibu na katikati ya nyumba. Mawimbi hayapendi chuma, vioo vya kujitazama, maji, wala sakafu. Kama ya kwako imejificha nyuma ya TV, anza hapo. Haikugharimu kitu.

Tulitenganisha bendi mbili. Ruta nyingi hutoa WiFi ya aina mbili: GHz 5, ambayo ni ya kasi lakini huchoka haraka ukutani, na GHz 2.4, ambayo ni ya polepole lakini hufika mbali. Zikiwa na jina moja, kompyuta iliyo mbali inaweza kuruka kutoka moja kwenda nyingine, na kila ikiruka unaona kukatika. Tukazipa majina tofauti na kuweka kompyuta ya nyuma kwenye 2.4.

Tulibadilisha chaneli. Kwa programu ya bure ya simu inayoonyesha mitandao ya jirani, tulihesabu WiFi 17 tukiwa tumeketi mahali pamoja. Nyingi zilikuwa kwenye chaneli ya 6. Kwenye 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Tukahamia 11, iliyokuwa na watu wachache. Chaneli hubadilishwa kwenye mipangilio ya ruta. Ukishindwa, mtoa huduma anaweza kukufanyia. Na kumbuka maikrowevu nayo hutumia mawimbi ya karibu na GHz 2.4. Mtandao ukizimika kila mtu anapopasha chakula, umeshajua sababu.

Tuliizuia kompyuta kulala na kadi ya WiFi. Baada ya hayo matatu hali ilikuwa nzuri, lakini mama akiondoka kwenda kutazama oveni, akirudi anakuta WiFi imeachia. Hii ilikuwa kosa la kompyuta. Windows huweza kuzima kadi ya WiFi ili kuokoa umeme, na isiiamshe vizuri. Fungua "Device Manager", kisha "Network adapters", bonyeza mara mbili jina la kadi ya WiFi, nenda "Power Management", toa tiki kwenye mstari unaoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho. Kompyuta zingine mpya hazina ukurasa huo. Usihangaike, ruka hatua hii.

Kama bado inakatika, mwambie Windows isahau mtandao huo na uingie upya kwa nywila, kisha usasishe programu inayoendesha kadi ya WiFi. Ukiwasha ruta upya, izime, hesabu nusu dakika, iwashe. Lakini usichome kile kitundu kidogo cha reset. Kinafuta mipangilio ya mtoa huduma, na unaweza kubaki bila intaneti hadi fundi aje.

Na kama meza yako ya kazi haihami, suluhisho la kudumu ni waya. Waya wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100, haujali ukuta wala jirani, na maduka ya Luthuli Avenue yanauza wa urefu unaotaka. Waya huo pia ni kipimo: kukatika kukiisha ukiuchomeka, WiFi ndiyo ilikuwa na shida.

Siku ambayo haingoji

Kuna siku huwezi kungoja fundi. Tarehe 30 Juni ni mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, na mtu binafsi akichelewa anaweza kutozwa faini ya shilingi 2,000 au zaidi. Siku kama hiyo, WiFi ikianza vituko, washa hotspot ya simu, unganisha kompyuta, umalize kazi. Shida ya ruta utaitatua kesho. Afadhali zaidi, usingoje tarehe 30.

Jambo la mwisho. Ukilalamika mtandaoni kwamba malipo yamekwama, mtu anaweza kukupigia akijiita fundi wetu au wa kampuni ya intaneti, akitaka PIN "arudishe pesa". Hatuombi PIN, na kurudisha pesa hakuhitaji PIN yako. Na ombi la PIN likitokea kwenye simu wakati hujalipia chochote, likatae.

Mama bado anaagiza kila Alhamisi. Kompyuta haikuuzwa. Lakini amebandika karatasi kando ya skrini, kwa mwandiko wake: "SOMA SIMU KWANZA." Hata ukisahau ping na chaneli na mengine yote, hayo maneno matatu yatatosha kulinda pesa yako.

Una malipo yaliyokatikia njiani na hujui yako wapi? Tupigie kwa namba iliyo ndani ya app yetu ukiwa na kodi ya muamala mkononi. Tutayafuatilia pamoja.