Kutu Katika Nati za Magurudumu ya Tela

Tela ni chombo kinachosimama siku nyingi na kutembea siku chache. Lori la biashara hutembea kila siku, na magurudumu yake hufunguliwa mara kwa mara kwa sababu ya pancha na matengenezo. Lakini tela ya kuchukulia mashua pwani, tela ya trekta shambani, mkokoteni wa punda uliotengenezwa kwa ekseli ya gari kuukuu, na hata karavani, yaani tela iliyojengwa kama chumba cha wasafiri, vyote huweza kukaa miezi mingi mahali pamoja, vikinyeshewa na mvua na kulowa umande. Katika muda huo mwenyewe hutazama kama matairi yana upepo. Nati zinazoyashika magurudumu hazikumbuki.

Tuseme kwamba mtu ameifunga tela yake nyuma ya gari huko Mtwapa na kushika njia ya Nairobi. Anapokaribia Voi, jua likitua, tairi la tela linapata pancha. Gurudumu la akiba analo, jeki anayo na spana anayo, lakini nati zote tano hazitaki kugeuka. Basi anachomeka bomba refu katika mkono wa spana, anapanda juu yake na kurukaruka. Nati inalia, na mara boliti inakatika. Ya pili inakatika vile vile. Kwa kuwa giza limeingia na malori yanapita karibu naye, anabadili gurudumu na kuendelea na safari kwa boliti tatu zilizobaki.

Mtu huyu hakuishinda kutu. Ameiondoa taabu yake mwenyewe na kuwatwika hatari watu wengine walio njiani. Gurudumu likichomoka garini huendelea kubiringika kwa kasi ile ile ya gari, wala halina dereva wala breki. Atakayekutana nalo, awe mwenye baiskeli au mama aliyejitwika kuni kando ya barabara, hana nafasi ya kulikwepa.

KUTU NI KITU GANI

Watu wengine hudhani kwamba kutu ni uchafu unaotoka nje na kukaa juu ya chuma. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni ya hewa palipo na maji. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, na ndiyo sababu vyuma vya pwani huliwa upesi kuliko vya bara. Tela ya mashua huharibika zaidi, kwa maana magurudumu yake huzamishwa baharini kila mashua inaposhushwa.

Tena, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa. Inapotokea ndani ya hesi, pale nati na boliti zinapoumana, huvimba na kuzibana kama kabari katika gogo. Kwa hiyo nati iliyokuwa laini siku ya kufungwa huweza kukataa kabisa baada ya mwaka mmoja au miwili, ingawa hakuna aliyeigusa.

Ziko nati zilizovikwa ganda jembamba la kung'aa. Hizi huonekana safi kwa nje, lakini maji hupenya chini ya ganda na kutu ikalisukuma kutoka ndani. Nati hunenepa, na spana iliyoingia vizuri zamani haiingii tena. Nati ya namna hiyo haifai kutengenezwa. Inunuliwe nyingine ya chuma kitupu kilichopakwa zinki.

MICHIRIZI MYEKUNDU

Kutu iliyo juu ya nati, ya rangi moja pande zote, ni dalili ya uzee na mvua. Lakini michirizi myekundu inayoanzia kwenye nati na kutawanyika juu ya rimu kama miale ya jua ina maana nyingine. Mara nyingi huonyesha kwamba nati imelegea, na rimu inacheza na kujisaga, na vumbi la chuma lililosagika ndilo lililoshika kutu. Dereva akiona michirizi hiyo asiseme, "Tela imezeeka." Asiondoke kabla ya kuzipima nati zote kwa spana na kulikagua gurudumu.

JINSI YA KUZIFUNGUA

Kazi hii ifanyike nyumbani, mchana, kabla ya siku ya safari. Tela ibaki imefungwa nyuma ya gari, breki ya mkono ivutwe, na gurudumu la upande wa pili liwekewe mawe au kabari mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini. Anayezilazimisha tela ikiwa juu ya jeki huweza kuiangusha.

Kwanza, hesi zilizo wazi zisuguliwe kwa brashi ya waya, kisha zitiwe mafuta membamba ya kupenya. Asiye na mafuta hayo huweza kutumia dizeli au mafuta ya taa. Yaachwe usiku kucha, na asubuhi yatiwe tena. Mafuta yasimwagike kwa wingi, kwa kuwa yakifika kwenye breki huzifanya zisishike.

Pili, itumike spana ya boksi yenye pembe sita, inayoikumbatia nati barabara. Spana iliyolegea hukata pembe za nati, na hapo kazi huwa ngumu mara mbili. Nati igongwe kwa nyundo mara kadhaa usoni, kisha ijaribiwe kukazwa kidogo sana kabla ya kulegezwa. Mtikisiko huo mdogo mara nyingi huivunja kutu. Ikianza kugeuka, isifunguliwe kwa pupa. Izungushwe mbele na nyuma, na mafuta yaongezwe.

Tatu, mwenye chombo cha zamani atazame ncha za boliti. Malori mengi ya zamani ya Uingereza yalikuwa na hesi za kinyume katika magurudumu ya kushoto, na ekseli za namna hiyo huweza kuonekana bado chini ya tela na mikokoteni. Boliti hizo mara nyingi hupigwa chapa ya herufi L. Anayezigeuza kwa njia ya kawaida anazidi kuzikaza, huku akiilaumu kutu.

Nne, moto usitumike karibu na tairi lenye upepo. Joto la rimu huweza kulifanya tairi lipasuke kwa nguvu ya bomu, nalo limeua mafundi katika nchi nyingi. Nati iliyokataa mafuta, nyundo na saburi ipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kuikata.

JINSI YA KUZIFUNGA TENA

Boliti iliyokatika au iliyoliwa hesi ibadilishwe kabla ya safari. Zikiwa zimekatika mbili katika gurudumu moja, ni heri kubadilisha zote, kwa sababu zilizobaki zilibeba mzigo usio wao. Uso wa rimu na uso wa kitovu usafishwe kutu na rangi nene, ili vyuma viguse chuma. Kutu na rangi zilizo katikati husagika njiani, na nafasi yake ikibaki tupu nati hulegea.

Watu wengi hupaka hesi grisi nyingi wakidhani wanafanya wema. Lakini hesi yenye grisi huteleza, na kwa nguvu ile ile ya mkono boliti huvutwa kupita kiasi. Watengenezaji wengi wa tela hutaka hesi safi na kavu, basi kitabu cha chombo kifuatwe. Na pale nati inapokalia rimu pasipakwe mafuta wala grisi.

Nati zote zianzishwe kwa vidole, kisha zikazwe kwa mpango wa nyota, si kwa kufuatana kama watu wazungukao meza. Zikiwa tano na kuhesabiwa kwa duara, ikazwe ya kwanza, kisha ya tatu, ya tano, ya pili na ya nne. Zikazwe kwa awamu tatu, nguvu ikiongezwa kila mara, na awamu ya mwisho ifanywe gurudumu likiwa limegusa ardhi.

Je, nguvu kiasi gani? Boliti za nusu inchi, ambazo ni za kawaida katika tela ndogo, kwa desturi hutaka nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 25 hadi 33 kwenye ncha ya mkono wa spana wenye urefu wa nusu mita. Mtu wa kilo 65 akisimama kwenye ncha ya bomba la mita moja hutia nguvu inayokaribia mara nne ya kiasi hicho cha juu. Basi si ajabu boliti ikikatika, au ikinyooka kwa siri ikangoja kukatika njiani. Spana ya kupimia nguvu huondoa kubahatisha, na wenye tela kadhaa wa kijiji kimoja huweza kuchanga na kununua moja.

Hata baada ya hayo kazi haijakwisha. Gurudumu lililofungwa upya hukaa mahali pake pole pole, na nati hulegea kidogo. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 16, kisha 40, kisha 80.

Tela iliyozamishwa baharini ioshwe kwa maji baridi siku ile ile. Na tela inayosimama muda mrefu, nati zake zifunguliwe moja moja mara mbili kwa mwaka, zisafishwe na kukazwa kwa kipimo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Saa moja ya kazi hiyo chini ya mwembe, mchana, ni rahisi kuliko usiku mmoja kando ya barabara ya Voi. Nayo humlinda hata mpita njia asiyeijua tela ni ya nani.