Kufunga Mashine ya Kukata Majani Nyuma ya Trekta



Chini ya mikorosho panapaswa kuwa peupe kabla korosho hazijaanza kudondoka, kwani korosho iliyofichwa na majani haionekani, na majani makavu huita moto. Wengi hufanya kazi hiyo kwa jembe na panga. Wengine hukodi trekta lenye mashine ya kukata majani, nayo huenda upesi. Lakini hatari huanza kabla jani moja halijakatwa, katika zile dakika chache za kuifunga mashine.

Trekta si geni kwetu kusini. Mpango wa karanga, uliovunjwa mwaka 1951, uliyaleta Nachingwea kung'oa misitu. Trekta la siku hizi lina mikono mitatu nyuma, miwili ya chini na mmoja wa juu. Visu vya mashine huzungushwa na ncha ya chuma yenye meno iliyo kati ya mikono hiyo, ambayo mafundi huiita PTO; shafti huichukua nguvu yake hata kwenye mashine.

Fahamu basi jambo hili. PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Shafti yenye unene wa sentimita 7 huvuta karibu mita 2 za nguo katika sekunde 1. Kabla hujamaliza kumwita dereva, shuka yako imekwisha kuvutwa, nawe pamoja nayo.

Fuata taratibu hii:

1. Vaa nguo zinazobana mwili. Kanzu, kikoi na shuka hazifai kwa kazi hii.

2. Mashine iwe mahali palipo sawa na pagumu. Mchanga wa pwani hudidimia. Tia ubao chini ya mguu wake.

3. Dereva arudi nyuma polepole. Mtu yeyote asisimame kati ya trekta na mashine. Msaidizi akae kando, mahali dereva amwonapo, aongoze kwa ishara za mkono.

4. Trekta likisimama, PTO izimwe, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, injini izimwe. Dereva ashuke, na ufunguo autie mfukoni. Hapo ndipo mtu aweza kuingia kati.

5. Funga mkono wa chini wa kushoto, kisha wa kulia, mwisho wa juu. Kila pini itiwe kipini chake cha kuizuia isichomoke. Msumari si kipini.

6. Sukuma shafti mpaka kifungo chake kilie, kisha ivute kwa nguvu uone kama imeshika. Kava lake lifungwe minyororo lisizunguke. Shafti isiyo na kava usiitumie kabisa.

7. Usiingie chini ya mashine iliyoinuliwa. Mafuta yakivuja, au mtu akigusa mkono wa kuinulia, huanguka mara moja. Ikiwa huna budi, zima injini, kisha iegemeze juu ya magogo imara.

8. Kabla ya kuwasha PTO, waondoe watoto na waokota korosho wote, maana visu hurusha mawe mbali. Hata PTO ikizimwa, visu huzunguka bado, ngoja visimame.

Nilimwona kijana mmoja akiushika mkono wa trekta ili tundu lilingane na pini, na dereva angali kitini, injini ikiunguruma. Mguu wa dereva uliteleza kwenye klachi, trekta likaruka nyuma. Kijana yule sasa hushika jembe kwa vidole viwili. Dereva alikuwa kaka yake, wala hakumtakia mabaya. Alitaka tu kuokoa dakika moja.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ina kinga, nayo ni ufunguo uliomo mfukoni. Trekta laweza kuwa la mwingine, lakini shamba ni lako, na watoto ni wako. Usione haya kumwambia dereva, "Zima kwanza." Akikuona mwoga, na akuone hivyo, jioni mtarudi nyumbani nyote wawili wazima.