Kipima oksijeni cha kidoleni

Kipima oksijeni ni kibanio kidogo kinachovalishwa kidoleni. Kioo chake huonyesha namba mbili: mapigo ya moyo kwa dakika, na asilimia ya hemoglobini iliyobeba oksijeni katika damu ya ateri, inayoandikwa SpO2. Kinatumia betri ndogo, na jibu hutoka kabla ya dakika kuisha. Wakati wa korona, kifaa hiki ndicho kilichowasaidia wauguzi wengi kuamua nani alazwe na nani arudi kwake.

Ndani ya kibanio mna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni hupitisha mwanga mwekundu kwa wingi na kunywa ule wa infraredi. Damu iliyopungukiwa hufanya kinyume chake. Ugumu ni kwamba ngozi, nyama na vena navyo hunywa mwanga. Mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden ya Japani aliona, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba kinachobadilika kwa kila pigo la moyo ni damu ya ateri peke yake; basi kifaa kihesabu mabadiliko hayo na kuacha mengine yote. Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima ikigombania vifaa vilivyotokana na wazo lake.

Katika hospitali kubwa korona ilisomwa kwa vipimo vingi vya damu. Ripoti ya wagonjwa 191 wa Wuhan, iliyotoka Machi 2020, ilionyesha kwamba wengi wa wale 54 waliofariki walikuwa wazee, na kwamba D-dima, alama ya damu inayogandana mishipani, ikizidi mikrogramu 1 kwa mililita siku ya kulazwa ilikuwa dalili mbaya. Limfositi, chembe nyeupe za kinga, zilipungua; alama nyingine za damu, yaani feritini, CRP na troponini, zilipanda. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Kati ya wagonjwa 141 waliochunguzwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kinshasa hadi Juni mwaka huo, asilimia 29 walifariki, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wenye umri mkubwa na kwa waliofika wakihema kwa shida.

Kipimo cha D-dima kinahitaji mashine, vitendanishi vilivyohifadhiwa kwenye baridi, na umeme usiokatika. Vituo vya afya vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kavimvira mpakani mwa Burundi hadi Baraka, havikuundwa kwa kazi hiyo. Mji wa Uvira katika mwambao huo umezoea ugonjwa wa namna nyingine, kipindupindu, ambapo muuguzi huanza kwa kutazama macho yaliyodidimia na kuvuta ngozi ya tumbo. Korona haikuonekana kwa macho namna hiyo. Mgonjwa aliweza kuongea vizuri, hata kutania, huku oksijeni yake ikiwa imeshuka chini ya 85. Hapo kibanio kilishika nafasi ya maabara.

Namba yenyewe haishuki kwa mwendo sawa. Kutoka 98 hadi 92 mwili bado una akiba. Chini ya 90, upungufu mdogo wa oksijeni mapafuni huiangusha asilimia kwa kasi. Shirika la Afya Duniani nalo liliweka 90 kuwa mpaka wa ugonjwa mkali. Mpaka huo uligusa dawa pia. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo vya waliowekwa kwenye mashine za kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, na vya waliopewa oksijeni bila mashine kutoka 26.2 hadi 23.3. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Dawa hiyo ni ya bei nafuu. Kinachokosekana kwa urahisi zaidi ni njia ya kumjua anayeihitaji.

Lakini 94 ya Uvira si 94 ya kila mahali. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo mtu mzima mwenye afya husoma 95 au zaidi. Nyuma ya mji milima inapanda hadi nyanda za juu za Bijombo na Minembwe, ambako kuna sehemu zinazopita mita 2,500 na kanieneo ya hewa imebaki kama robo tatu ya ile ya pwani ya bahari. Mchungaji wa huko anaweza kusoma 93 akiwa mzima kabisa.

Kosa jingine linavuta upande wa pili. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha kibanio na damu iliyochotwa kwenye ateri. Kibanio kiliposoma kati ya 92 na 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya 88 kwa karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya asilimia 4 hivi kwa Wazungu. Rangi ya ngozi huchuja mwanga, na vifaa vingi vilipimiwa kwa watu weupe. Moshi nao hudanganya: aliyelala chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa hubeba monoksidi ya kaboni katika damu, na kifaa huihesabu kama oksijeni. Tena asilimia haisemi kitu juu ya wingi wa damu, kwa hiyo mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kusoma 98. Hina, rangi ya kucha na vidole baridi huharibu usomaji zaidi.

Kwa sababu hiyo muuguzi mwangalifu haamini namba moja. Hupima mgonjwa akiwa ametulia, humtembeza kidogo, hupima tena. Kushuka kwa pointi tatu au zaidi humtia wasiwasi hata kama namba ya kwanza ilikuwa nzuri. Hulinganisha asubuhi na jioni katika kidole kilekile. Januari 2025 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa rasimu ya mwongozo inayowataka watengenezaji wavijaribu vibanio kwa watu wengi zaidi, wa rangi zote za ngozi.