Unataka Kazi ya Meli? Jiandae kwa Maswali Haya

Huenda nyumbani mwako yuko kijana aliyemaliza shule na ambaye ndoto yake ni kuvuka bahari kwa meli ya mizigo. Au huenda kijana huyo ni wewe. Umeitwa Mombasa kwa mahojiano, jamaa wamekuchangia nauli na shati limepigwa pasi. Lakini je, uko tayari kwa maswali?

Meli ikiwa katikati ya bahari haina kikosi cha zimamoto cha kuita wala hospitali ya kukimbilia. Mabaharia wenyewe ndio wazimamoto, na wao ndio wauguzi. Kwa hivyo wanaokuhoji hawatafuti maneno matamu. Wanataka kujua jambo moja tu: wenzako wataweza kulala usingizi wewe ukiwa zamu?

Anza na stakabadhi. Weka pamoja pasipoti, kitabu cha baharia, cheti cha afya na vyeti vya mafunzo. Kagua tarehe zake, kwani cheti cha afya cha baharia hakizidi miaka miwili. Mafunzo ya msingi kulingana na mkataba wa kimataifa wa 1978, uitwao STCW, ni manne: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wako pamoja na kuishi vyema na wenzako. Ukiwa na cheti, tarajia kuulizwa yaliyomo. Cheti usichoweza kukieleza kitakuaibisha.

Kwa mfano, unaweza kuulizwa: "King'ora kikilia mara saba kwa ufupi, kisha mara moja kwa kirefu, utafanya nini?" Hiyo ni ishara ya hatari kwa watu wote melini. Chukua jaketi lako la kuokolea, nenda mahali ulipopangiwa kukusanyika, na ungoje amri. Usiseme utakimbilia mashua.

Swali jingine huwanasa wengi: "Umemwona mwenzako ameanguka ndani ya tangi. Utafanyaje?" Moyo wa huruma utakwambia ujibu kwamba utaingia mbio umtoe. Hilo ni kosa. Hewa ya ndani ya tangi inaweza kukosa oksijeni au kuwa na sumu, na mabaharia wengi wamekufa wakijaribu kuwaokoa wenzao kwa njia hiyo. Piga kamsa kwanza, usiingie, na ungoje kikosi chenye vifaa vya kupumulia. Baharia mwema si yule anayekufa pamoja na rafiki yake, bali yule anayeleta msaada ungali na maana.

Kisha utaulizwa kuhusu wewe mwenyewe. Je, utavumilia miezi mingi bila kuwaona wazazi? Utaishije na watu wa mataifa na dini tofauti? Jibu ukweli. Usidai umewahi kufanya kazi usiyoijua, kwani mhoji ambaye amekuwa baharini atakugundua kwa swali la pili. Na kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kazi katika meli nyingi, mwombe dada au kaka akuhoji kwa sauti kila jioni.

Mwisho, kumbuka kwamba nawe una haki ya kuuliza. Meli inaitwaje? Inapeperusha bendera ya nchi gani? Mwenyewe ni nani? Naweza kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi? Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuidhinisha 2014, unakataza mabaharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama zinazoweza kuwa juu yako ni kama za pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya. Wakala akidai "pesa za kushikilia nafasi", usitoe. Uliza kwanza katika Halmashauri ya Usimamizi wa Bahari ya Kenya, KMA, kama ana leseni.

Mzazi, usiuze shamba kwa sababu ya sauti ya simu. Chombo hukaguliwa kingali bandarini. Mwanao akishafika ng'ambo na kukuta hakuna meli, utaanzia wapi kumrudisha?