Kamyoneti ya kazi: vitu vitano vidogo vya kutengeneza, na kimoja kisichobadilika

Katika barabara ya kitaifa namba 2, kati ya Lubero na Butembo, kamyoneti njo inashusha viazi na kabichi sokoni, kisha inarudi na sabuni, mabati na mafuta. Mara nyingi watu nao wanakaa juu ya mzigo. Wenye gari wengi wanaiongezea vitu wao wenyewe. Kuna vinavyosaidia kweli na haviko bei kali. Lakini hakuna hata kimoja kinachoongeza kilo ambazo gari ilitengenezwa kubeba.

1. Pete za kufungia
Kamba ikifungwa kwa ubao wa pembeni, siku moja inang'oa ubao. Muweke pete 4 ama 6 za chuma kwa boloni zinazopita sakafu ya bodi, na chini yake kipande cha chuma kipana kusudi bati isipasuke. Musitoboe shasi ovyo: tundu njo mwanzo wa ufa. Kama fundi anasudia, kwanza mutoshe waya ya batri upande wa kutoa (–), na akae mbali na tanki na mipira ya breki.

2. Taa za kuongeza
Taa mbili za wati 55 kwa batri ya volti 12 zinakula karibu ampere 9. Swichi ndogo na waya nyembamba vinapata moto. Mutumie rele, waya ya milimita 2,5 za mraba, na fizibulu ya ampere 15 karibu kabisa na batri. Ikiungua, mutafute sababu. Kuweka karatasi ya sigara pahali pa fizibulu ni kuchoma gari.

3. Mpira wa kupumulia wa ekseli
Ekseli ya nyuma ikiwa moto kisha ikaingia mtoni, hewa ya ndani inapoa haraka na kuvuta maji. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na meno yanakwisha. Muunganishe mpira mrefu kwa kile kitundu cha kupumulia, muupandishe hadi juu ya bodi, mdomo uangalie chini.

4. Alama za kungaa usiku
Nyekundu nyuma, nyeupe mbele. Gari ikikufia njiani usiku na batri imekwisha, hizo njo zitaonekana.

5. Lame ya kuongeza
Hapa njo watu wanadanganyika. Lame moja zaidi inafanya gari isiiname. Lakini breki, ekseli, rulema na pine zimebaki zilezile. Zamani gari ikiinama, shofere alijua mzigo umezidi. Sasa imesimama vizuri, na yeye anaitika: "Bado kuna nafasi!" Kwenye mteremko wenye matope, breki njo itamwambia ukweli.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia, mufanye hesabu. Kilo zinazoruhusiwa zinaandikwa katika kitabu cha gari, ama kwenye kibao chake. Tuseme ni kilo 1000. Magunia 8 ya kilo 100 ni 800. Ongeza shofere na watu watatu, kila mmoja kilo 65: ni 260. Tumekwisha kupita, na bado hatujahesabu pine ya akiba, vyombo, wala mama anayeomba kupanda njiani.

Mzigo mzito ukae chini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukirudi nyuma sana, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na pine za mbele hazishiki tena barabara. Ukipanda juu sana, kona moja inatosha kuipindua.

Kama feza ni kidogo, muanze na pete na fizibulu. Lame inaweza kungoja.