Mikunde ya malisho yapambana na mbolea ya ruzuku

Kati ya Kitale na Bungoma, mbolea ni ya mahindi kwanza. Nepia ya ng'ombe hupata kilichosalia, na mara nyingi hakisalii kitu. Ndiyo maana desmodiamu, lusani na kaliandra, mimea ya jamii ya mikunde inayovuta naitrojeni kutoka hewani, inastahili kuhesabiwa kama pembejeo.

Muuzaji mmoja wa pembejeo mjini Kitale analalamika kwamba soko la mbegu za mimea hiyo linabanwa pande mbili. Mwaka 2022, mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ulipopita shilingi 6,000, wakulima walianza kuulizia desmodiamu. Mwaka uliofuata serikali ikashusha bei ya ruzuku hadi shilingi 2,500, nao wakarudi kwenye foleni za maghala. Mbegu ikakaa rafuni hadi uotaji ukapungua. Aliyeinunua baadaye akarudi na lawama, na mwenye duka ndiye aliyezibeba. Isitoshe, jirani mmoja akishaotesha, wenzake humwomba vipande vya shina vya kupandikiza, na dukani harudi mtu. Ilipobainika mwaka 2024 kwamba mbolea hafifu ilikuwa imewafikia wakulima kupitia mpango wa ruzuku, maswali yalirudi, lakini muuzaji hakuwa tena na mbegu.

Ofisa mmoja wa kilimo Bungoma anasema mikunde hiyo huvuta kilo 100 za naitrojeni kwa hekta kila mwaka, sawa na zaidi ya mifuko minne ya urea, kwa kuwa mfuko mmoja una kilo 23. Hesabu ni sahihi, shamba ndilo lenye mashaka. Kiwango hicho ni cha mkunde uliokwisha kushika, kwenye udongo wenye fosforasi ya kutosha. Udongo wa mashamba mengi ya huku una asidi, na bila chokaa vinundu vya mizizini, ambamo naitrojeni hunaswa, hulegea. Mkulima anaweza kujipimia: achimbe mche, asuuze mizizi, apasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa na wekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakimfai.

Kuna jambo jingine ambalo ofisa huyo hakuligusa. Mkunde unaokatwa na kupelekwa zizini huondoka na sehemu kubwa ya naitrojeni yake. Samadi isiporudishwa shambani, nepia ya pembeni haipati faida inayotangazwa.

Bado ng'ombe hufaidi, maana majani ya desmodiamu yana protini nyingi kuliko nepia, na unga wa dukani ni ghali. Bungoma kuna sababu nyingine: desmodiamu ikipandwa katikati ya mahindi hufukuza vipekecha shina na kudhoofisha gugu la kayongo. Huenda wengi wakaingia kwa mlango huo, naitrojeni ikaja kama nyongeza.

Kikwazo ni miezi ya mwanzo. Desmodiamu hukua polepole na hutaka palizi ya mkono wakati huohuo mahindi yanapodai palizi yake, na vibarua ni walewale. Muuzaji wa Kitale anasema msimu ujao ataagiza mbegu kwa atakayelipa kabla tu.