Mihogo Coco, Hidaya yuko baharini

Kaa vizuri, leo tunapiga stori ya hali ya hewa, na usianze kufunua ukurasa mwingine ukisema hiyo mada ya wazee. Ngoja kwanza.

Hakuna wakati mtamu Bongo kama mwisho wa mwezi wa nne kuingia wa tano. Lile joto la kaskazi, lile la kulala na feni huku umeloa kama umetoka kuoga, linakuwa limeanza kulegea. Mvua ya masika inakupigia bati alfajiri unalala kama mtoto. Saa nne jua limetoka, nguo zinakauka kwenye kamba, na jioni kuna kaupepo kanatoka baharini kanakufuata mpaka chumbani. Ukiwa na vijisenti vyako unashuka zako Coco Beach, unakamata mihogo na kachumbari na ile pilipili ya kukutoa machozi, unatafuta mahali unakaa, unawatazama watu. Vidosho wanapita, masela wanapozi kwa picha, watoto wanachimba mchanga, dafu linakatwa mbele yako. Raha ile mbaya!

Mimi raha yangu ina nyongeza. Katikati ya mihogo natoa simu, nafungua ramani ya upepo, natazama bahari yote kuanzia Shelisheli mpaka Madagascar. Ile mistari inavyotembea na kujizungusha, we acha tu, ni burudani kuliko tamthilia. Washikaji wamenipa jina, wananiita Mamlaka. "Mamlaka, vipi leo, tuanike nguo?" Nawajibu anikeni, wanacheka, tunaendelea kula.

Lakini kuna wiki moja mistari ile ilijikunja mahali pabaya na mihogo ikanishinda kumeza.

Kabla sijafika huko, elewa mchezo wenyewe. Upande wetu wa Bahari ya Hindi una msimu wake wa vimbunga. Unafunguliwa katikati ya Novemba na kufungwa 30 Aprili, ingawa Mauritius na Shelisheli wao wanausogeza mpaka 15 Mei. Kituo kikuu cha kuvifuatilia kiko kisiwa cha Réunion. Kila kimoja kinapewa jina kwa mfuatano wa alfabeti, na majina yanaletwa na nchi za eneo hili, ndiyo maana siku hizi unaweza kusikia kimbunga kina jina kama la binti wa mtaa wa pili.

Sasa msimu ukiwa umepamba moto, Januari na Februari, sisi huwa hatuna habari. Vimbunga vinapita mbali kusini, vinaipiga Madagascar, vinaipiga Msumbiji, sisi tunalalamika joto. Ukifika mwisho, wenzetu wanaanza kufunga vitabu, ndipo kidogo tunaguswa sisi. Kwa nini? Kwa sababu lile eneo la mawingu na mvua linarudi kaskazini likilifuata jua, kwa hiyo kinachozaliwa wakati huo kinaweza kuzaliwa karibu na kwetu zaidi, juu pale kaskazini mwa Madagascar, ambako hakuna kisiwa kikubwa cha kutukinga. Maji nayo bado ni ya moto. Kimbunga kinataka maji ya nyuzi 26 na zaidi, na mwezi wa nne bahari yetu inayo tele.

Kinachotuokoa ni mahali tulipo. Ili upepo ujisokote unahitaji msukumo wa dunia inavyozunguka, na msukumo huo unapungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Dar iko kama digrii 7 tu kusini. Kimbunga kikija huku ni sawa na pia inayoishiwa kamba. Kilwa iko digrii 9, Lindi na Mtwara 10. Digrii mbili tatu, msomaji, usizione ndogo.

Zitazame tarehe. Kimbunga kilichoipiga Unguja na Bagamoyo kilikuwa 15 Aprili 1872, enzi za Sultani Barghash. Kiliizamisha meli bandarini na kuing'oa minazi na mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika sehemu kubwa, na ndiyo moja ya sababu karafuu mpaka leo unaisikia zaidi Pemba. Kilichoingia Lindi kilikuwa 15 Aprili 1952. Tarehe ile ile! Kenneth alitua Cabo Delgado 25 Aprili 2019, hatua chache kutoka mpaka wetu, baada ya kufikia upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Watu zaidi ya 40 walifariki. Siku hiyo Mtwara watu walikaa roho mkononi, kimbunga kikakata kushoto kikaingia kwa majirani. Unaona mtindo? Wote ni wa Aprili, wa mwisho mwisho.

Haya, sasa stori yangu.

Nina mjomba Somanga, wilaya ya Kilwa. Kama umewahi kupanda basi la Lindi unapajua, ni pale watu wanapokimbilia dirishani kununua samaki wa kukaanga. Mjomba ana mashua moja, ndiyo mshahara wake, ndiyo bima yake, ndiyo ada za watoto.

Aprili 2021 akaja Jobo. Huyu ramani zilimwelekeza huku huku, Dar na Mafia. TMA ikatangaza, mji ukachangamka. Wengine wakanunua mishumaa na unga, wengine wakanunua bia wakisema kama ni kufa basi tufe tumechangamka. Mimi nikajiona kidume, nikampigia mjomba: vuta chombo juu, usiende baharini. Akanisikia. Siku tatu mashua juu ya mchanga. Jumapili ile ya tarehe 25 watu tulishinda tunatazama angani, na kilichokuja ni mawingu na manyunyu. Jobo alikuwa ameishiwa nguvu njiani. Mjini tukacheka wiki nzima, TMA wakatukanwa wee. Lakini siku tatu bila bahari kwa mjomba ni siku tatu bila unga, na yeye hakucheka.

Ikaja 2024. Masika ya mwaka ule yalikuwa yameshatutandika. Kulikuwa na El Nino, Rufiji imefurika, na 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaliambia Bunge kwamba watu 155 wameshapoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko. Mei Mosi, wafanyakazi wako kwenye maandamano, mimi niko kwenye simu, naona duara. Jina: Hidaya.

Wabongo bwana! Ndani ya saa chache vichekesho vilikuwa vimeshajaa. Hidaya anakuja mjini kumtafuta aliyemwacha. Hidaya hajalipwa nauli. Mtaani kwetu kuna dada mwenye jina hilo, alitaniwa mpaka akaacha kutoka kununua vitafunio asubuhi. Nilicheka na mimi, siwezi kusema uongo.

Alhamisi jioni sikucheka. Duara lilikuwa limeshakuwa kimbunga kamili na njia yake ilikuwa imelala Mafia na Kilwa. Na hapa ndipo nilipoona ugumu wa hii kazi ya kujifanya Mamlaka: nilishaidanganya mara moja familia yangu mwenyewe. Nilikaa na simu mkononi kama nusu saa. Nikajiambia labda naye atakufa njiani. Nikajiambia ataniona mjinga. Nilikuwa barazani Msasani, na pembeni yangu kuna mzee mmoja, nahodha wa zamani, anakunywa kahawa yake na kashata. Akaniuliza mbona nimenuna. Nikamweleza. Akasema piga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Za huko?"

"Nzuri. Mjomba, ile mashua iko wapi?"

Kimya. Kisha akacheka, kicheko kile cha kukuheshimu tu. "Mpwa wangu, na mwaka huu tena?"

Nikamwambia safari hii ramani zote zinakubaliana. Akanijibu, "Hata ya Jobo uliniambia zote." Hapo alinipata. Sikuwa na la kusema.

Mzee akanyoosha mkono akaichukua simu. Wakaamkiana, wakaulizana ukoo kidogo kama kawaida ya watu wa pwani, salio langu linakwisha. Kisha mzee akauliza swali moja: "Bahari yako huko ikoje?"

Mjomba akasema, mawimbi yanakuja mazito toka jana, marefu, lakini upepo hamna. Akasema ajabu, maana sasa ni maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijakaza, bahari ingetakiwa imelala.

"Wimbi zito bila upepo limetumwa," mzee akasema. "Vuta chombo."

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba mzee alisema kitu ambacho ramani yangu nayo inakijua: kimbunga kinasukuma mawimbi mbele yake, yanafika pwani kabla ya upepo wenyewe. Ila mjomba hakuhitaji ramani. Aliambiwa na mtu wa kazi yake, kwa lugha ya kazi yake, kitu ambacho alishakiona kwa macho. Ijumaa aliiingiza mashua kwenye kijito, akaifunga katikati ya mikoko kwa kamba zote alizokuwa nazo.

Jumamosi, 4 Mei. Boti za Zanzibar zimesimamishwa, sisi Msasani umeme umekata, upepo unapiga mabati, minazi inainama inainuka. Niliogopa, lakini kwa kweli nimeshaona upepo wa kusi mkali kuliko ule. Kimbunga kilitua kisiwani Mafia kikiwa tayari kimepungua nguvu, na mpaka usiku TMA ikatangaza kwamba Hidaya amekwisha. Jumapili asubuhi mjini watu wakaamka na vichekesho vipya: Hidaya kapewa talaka, Hidaya kaogopa foleni ya Dar. Jioni watu wakarudi Coco. Mihogo kama kawa.

Mimi nilikuwa napiga simu Somanga, haipatikani. Napiga tena, haipatikani. Kisha taarifa zikaanza kuja: mvua imeshuka Lindi na Kilwa ya kutisha, na barabara kuu ya Dar kwenda Lindi imekatika. Wapi? Somanga. Maji yamechukua kivuko na tuta lake, mabasi na malori yamepanga foleni pande zote mbili, abiria wanalala ndani ya magari. Ilichukua siku kadhaa kupitika. Kimbunga kile kile ambacho mjini tulisema kimetukimbia, kule kilikata mikoa miwili na sisi.

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo tukisema "hakikuja". Kilikuja. Kilikuja saa tano kwa basi kutoka kwenye mihogo yetu. Kumbe kimbunga hakipimwi kwa upepo peke yake, kikishapoteza upepo bado kimebeba maji, na maji lazima yashuke mahali. Na ardhi ya mwaka ule ilikuwa imeshashiba tangu Machi.

Jumanne mjomba akapatikana. Nikasahau hata kuamkia. Akanikumbusha, nikaamkia. Mashua ipo, ubavu mmoja umepasuka kwa kugongana na mkoko, fundi ataukalafati. Chombo cha jirani yake, aliyeacha nje kwenye nanga, hakijulikani kiliko. Paa la jiko limekwenda. Watoto wazima.

Nikasema alhamdulillahi mjomba. Akasema alhamdulillahi, halafu akaniuliza samaki Feri wanauzwaje. Nikashangaa, swali gani hilo? Kumbe wenzake walipata samaki wazuri kabla ya dhoruba, wako kwenye barafu, barafu inayeyuka, gari la kuwaleta mjini limekaa upande wa pili wa barabara iliyokatika. Mjini bei imepanda, kule wanawagawa bure kabla hawajaoza.

Wiki mbili tatu baadaye, msimu umeshafungwa rasmi kwa kila mtu, akatokea mwingine, Ialy, akapanda kaskazini mbali baharini mpaka upande wa Kenya na Somalia. Watu wengi hata hawakumsikia. Mimi nilikuwa naye kila siku kwenye simu.

Siku hizi ikiingia Aprili simpigii tena mjomba, ananipigia yeye. "Mpwa, kwenye simu yako kuna nini?" Namwambia kilichopo kaskazini mwa Madagascar, au namwambia hakuna. Kisha mimi ndiye namuuliza wimbi likoje. Wiki iliyopita nilikuwa Coco, mdomo umejaa mhogo, akanipigia. Nikamwambia bahari safi, hakuna hata duara. Akasema hata huku imelala, ametoka kuzindua ubao mpya ubavuni. Washikaji wakauliza ni nani huyo.

Nikawaambia, huyo ndiye Mamlaka.